Ninunue mashua ya mbio au jahazi la mizigo?

BARUA

Assalaam aleikum mzee wangu, na shikamoo.

Mimi ni kijana wa Langoni, hapa Lamu. Kwa miaka mingi nimekuwa nahodha wa chombo cha mtu mwingine, nikiwatembeza wageni. Asubuhi tunawapeleka Manda Toto kuogelea na kuvua, jioni tunatoka nao kutazama jua likizama, na msimu ukiwa mzuri tunapanda hadi Kiwayu tukalala siku mbili tatu. Pesa nyingi humwendea mwenye chombo, nami napata ujira na bakshishi. Sasa nimeweka akiba, na mke wangu, ambaye ni mshonaji, ameongeza yake. Tumeamua kununua chombo chetu. Kipya hatukiwezi. Viko viwili vilivyotumika vinauzwa, na hapo ndipo tulipokwama.

Cha kwanza ni mashua ya futi 24, iliyoundwa Matondoni, na sasa ina miaka 9. Ni chombo cha mbio hasa. Imewahi kushinda mbio za Maulidi, na vijana wote wa mji wanaijua kwa mbali. Mlingoti wake ni mrefu, foromali, ule mti unaobeba tanga, imezidi kawaida ya mashua za kimo hicho, na tanga ni kubwa. Haina mashine wala kivuli. Haijapata kukaa nchi kavu muda mrefu. Mwenyewe huipweleza, akaisafisha, akairudisha majini.

Cha pili ni jahazi la futi 38, lililoundwa Kizingitini zaidi ya miaka 20 iliyopita. Lilikuwa likichukua mchanga na mawe ya kujengea, na boriti za mikoko kabla ya marufuku ya 2018 ya kukata miti. Lina mashine ya dizeli. Kwa miaka miwili sasa limelala pwani Mokowe. Mwenyewe amelipaka rangi mpya ndani na nje, na kwa macho linapendeza. Bei yake ni karibu mara mbili ya bei ya mashua, kwa hiyo itatubidi tukope kwenye chama.

Mke wangu anataka jahazi. Anasema wageni wa siku hizi wanakuja na watoto, wanataka kivuli, choo na pa kulala, na kundi la watu kumi linalipa kuliko watu wanne. Rafiki zangu wanataka mashua. Mimi mwenyewe, sikufichi, tangu utotoni natamani siku ya mbio nishike kana (mpini wa usukani) ya chombo changu. Mjomba wangu naye anasema chombo kirefu ndicho chenye mwendo, kwa hiyo nikinunua jahazi nitapata riziki na mbio kwa pamoja. Je, ni kweli? Muuzaji wa jahazi ananihimiza. Anasema kuna mtu wa Malindi anakuja na pesa taslimu.

Nishauri kama mwanao.

Kijana wa Langoni

JIBU

Waaleikum salaam, na marahaba mwanangu.

Nakujibu kwanza, kisha nitakueleza sababu. Nunua mashua, ikiwa mbao zake za chini ni nzima, na tanga lile kubwa usiwapakilie wageni hata siku moja. Jahazi liache. Mkeo ana hoja nzito, na nitaifikia, kwa maana mtu aliyechangia akiba yake hajibiwi kwa mkato.

Nianze na mjomba wako. Alilosema juu ya urefu na mwendo ni kweli. Chombo kikienda hujitengenezea wimbi, kilele kimoja omo, yaani mbele, na kingine tezi, yaani nyuma, na kadiri kinavyoongeza mwendo ndivyo wimbi hilo linavyorefuka. Likifika urefu wa chombo chenyewe, chombo kinakuwa kama kinapanda mlima wake. Utaongeza tanga, utaongeza upepo, lakini mwendo hauongezeki isipokuwa kidogo sana. Mabaharia wana hesabu yao ya kukadiria kikomo hicho: chukua urefu wa chombo pale maji yanapogusa, kwa futi, tafuta kipeo chake cha pili, kisha zidisha kwa 1.34. Jibu ni maili za baharini kwa saa, na maili moja ya baharini ni mita 1,852. Mashua yako ya futi 24 tuseme inagusa maji kwa futi 20. Kikomo chake ni maili 6. Jahazi tuseme futi 32. Kikomo chake ni maili 7 na nusu. Kwa hiyo kwenye bahari kuu, kusi likivuma sawasawa ubavuni, jahazi litaipita mashua na kuiacha mbali.

Lakini wewe hushindani bahari kuu. Mbio zetu hukimbiwa kwenye mkondo, kati ya Lamu na Manda, na sehemu inayoamua mshindi ni pale mnapokwenda kinyume cha upepo, mkipiga bisha huku na huku, mara nyingi kwa upepo usiotosha kukifikisha chombo chochote kwenye kikomo chake. Hapo urefu hausaidii sana. Kinachosaidia ni wepesi wa chombo, ukubwa wa tanga kwa kulinganisha na uzito, na vijana wanaojua kuhamisha magunia ya mchanga na kukalia ubao upande wa goshini, upepo unakotoka, bila kuambiwa mara mbili. Kugeuza mashua ni kazi ya pumzi chache. Kugeuza jahazi la futi 38, foromali ile nzito ipitishwe mbele ya mlingoti na tanga lishikwe upande wa pili, ni kazi ya watu wazima kadhaa, na mkikosea mnasukumwa na maji kuliko mnavyokwenda. Tena mbio unazozitamani ni za mashua. Ukiwa na jahazi utazitazama kutoka pwani pamoja na sisi wazee.

Sasa tuje kwenye riziki, kwa sababu mbio ni siku chache na mwaka ni mrefu.

Watu wakisikia futi 24 na futi 38 huona tofauti ya futi 14, kama kwamba ni chombo kilekile kilichoongezwa chumba. Si hivyo. Urefu ukizidi kwa zaidi kidogo ya mara moja na nusu, upana nao unazidi, na kina pia. Mbao za kusugua, kutia kalafati (pamba ya kuziba maungo) na kupaka rangi zinakuwa kama mara mbili na nusu. Mwili mzima, yaani ujazo na uzito wa kubeba na kusukuma, unakaribia mara nne. Bei ya kununua ndiyo iliyo mara mbili tu, na hiyo ndiyo inayowavuta watu. Jahazi kuukuu huuzwa rahisi kwa kuwa gharama yake haiko kwenye kununua. Pamba, mafuta, misumari, rangi, kamba, nanga na tanga, vyote utavinunua kwa kipimo cha jahazi tangu siku ya kwanza, na mashine nayo inakungoja.

Halafu hesabu watu. Mashua unaweza kuiendesha na kijana mmoja wa kushika demani, kamba ya tanga, na siku ya safari ya kulala ukaongeza mpishi. Jahazi lataka watu wanne au watano hata siku ambayo wageni ni wawili, na wote wanataka kula na kulipwa. Najua utaniambia utatumia mashine. Basi utakuwa umenunua boti ya dizeli yenye mlingoti, na wageni wanaokuja Lamu wanakuja kwa ajili ya tanga.

Kuhusu hilo jahazi lenyewe, mambo mawili katika barua yako yamenitia wasiwasi kuliko umri wake. Umri si hoja. Yapo majahazi ya zamani yaliyo mazima kwa kuwa yameundwa kwa mbao nzuri na kutunzwa. La kwanza ni hiyo miaka miwili ya kulala Mokowe. Mbao zilizozoea maji zikikaa juani hukauka na kusinyaa, maungo yakaachana, na kalafati ikalegea. Mvua nayo hutuama ndani, na maji ya mvua huozesha mbao upesi kuliko ya chumvi. La pili ni rangi mpya. Mtu anayeuza chombo kilicholala miaka miwili, tena rangi akaipaka hadi ndani, huenda ana nia njema ya kukipendezesha. Huenda pia amefunika kutu za misumari, viraka na mbao zilizolainika. Wewe huwezi kujua mpaka rangi ikwanguliwe, na muuzaji akikataa ukwangue mahali viganja viwili tu, jibu umeshalipata.

Na sasa mkeo. Anasema kundi la watu kumi linalipa zaidi, na kwa safari moja hakosei. Ila mwambie akae na kalamu, maana yeye mwenye hesabu ya ushonaji atalielewa hili kuliko mimi. Asihesabu safari inayolipa vizuri. Ahesabu miezi. Kusi likikaza, mlango wa bahari pale Shela unachafuka, na wageni wanapungua. Mvua za masika nazo zina siku zake. Halafu kuna miaka ambayo hakuna nahodha aliyeitarajia. Septemba 2011 wageni walivamiwa Kiwayu, mwezi uliofuata mwingine akatekwa Manda, na baadhi ya serikali za Ulaya zikawashauri watu wao wasije huku. 2020 ulikuja ugonjwa wa korona, ndege zikasimama. Nyakati hizo mwenye mashua aliweza kwenda kuvua, au kuipweleza na kuingoja. Mwenye jahazi la mkopo alidaiwa kila mwezi, na chombo kikimnywea pesa hata kikiwa kimesimama. Chama chenu ni cha majirani na jamaa. Deni la namna hiyo likishindikana halivunji mfuko tu.

Kivuli na choo, lakini, amesema kweli, na hapa nakutaka umsikilize. Mgeni mwenye mtoto hawezi kukaa juani mchana kutwa. Mashua ya futi 24 yaweza kuwekewa chandarua cha turubai, kikafungwa kwa kamba na kuondolewa siku ya mbio. Ashone mkeo mwenyewe, na mito ya kukalia pia. Kazi yake itaonekana, na wageni huuliza imeshonwa na nani. Choo cha ndoo chenye kifuniko, nyuma ya pazia upande wa tezi, kinatosha kwa safari ya mchana. Kulala, lala nao pwani. Kiwayu ina mchanga mzuri na upepo usiku, na nimeona wageni wengi wakifurahia mkeka ufukweni kuliko kubanana ndani ya jahazi penye harufu ya dizeli.

Tena ukitumia mashua unapata njia ambayo jahazi lina shida nayo. Kiwayu ni kama kilomita 50 kutoka mjini, kaskazini mashariki. Kaskazi likivuma ni kinyume chako, utapiga bisha. Kusi likivuma, nje kuna mawimbi ya kuwatapisha wageni, kwa hiyo wengi hupita ndani, mlango wa Mkanda, kati ya Manda na bara, kisha nyuma ya Pate. Mkanda unaujua: wakati wa bamvua (mwezi mwandamo na mwezi mpevu) maji hupanda na kushuka kiasi cha mita 3, na ukikosea saa unakaa kwenye matope na mbu hadi maji yarudi. Mashua isiyozama sana inao muda mrefu zaidi wa kupita kila siku, na ikikwama mnashuka mnaisukuma. Hali kadhalika kijito cha kuingilia magofu ya Takwa, kule Manda. Jahazi likikwama limekwama.

Nisikusifie mashua bila kukuambia kasoro zake, maana chombo cha mbio si lazima kiwe chombo chema cha wageni. Mlingoti mrefu na foromali iliyozidi ni uzito ulio juu. Siku ya mbio unaye kijana kila pembe na mchanga wa kusawazisha, na chombo kikipinduka wote ni waogeleaji, na boti za kuwaokoa ziko karibu. Siku ya wageni una bibi wa miaka 70 na watoto wawili waliokaa upande wa demani, upepo unakokwenda, kwa kuwa ndiko kwenye kivuli cha tanga. Upepo ukibadilika ghafla ukitokea Manda, hapatakuwa na wa kuhamisha mchanga. Kwa hiyo katika bajeti yako tenga pesa ya foromali ya pili, fupi, na tanga la pili dogo, pengine kwa theluthi moja kuliko hilo la sasa. Bila hilo ushauri wangu wote nauondoa. Tanga kubwa litundikwe nyumbani, panya wasilifikie, litoke siku za mbio na za mazoezi. Na farumi ya safari, uzito wa kusawazisha chombo, iwe magunia yaliyofungwa imara, yasihame.

Sasa namna ya kuikagua, kwa sababu kushinda Maulidi kunasema habari za nahodha na vijana wake kuliko habari za mbao. Ngojea bamvua, mwombe mwenyewe aipweleze, maji yakipwa uingie chini yake na fundi wa Matondoni ambaye siye aliyeiunda. Mlipe fundi wako wewe, asilipwe na muuzaji. Anzeni na ubao wa kwanza juu ya mkuku (uti wa chini wa chombo), pande zote mbili, kwa kuwa hapo ndipo wadudu wa baharini watoboao mbao hupenda kuingia na ndipo watu huona uvivu kufika na deheni, mafuta ya kukinga mbao. Ncha ya kisu ikizama bila nguvu, hapo pameliwa. Gongeni kwa nyundo ndogo mbao zote. Nzima hulia kavu, mbovu hulia mzito. Tazameni vichwa vya misumari: mchirizi wa kutu mmoja mmoja ni kawaida, lakini mstari mzima wenye kutu una maana misumari imekwisha, na kupigilia upya chombo kizima ni kazi kubwa.

Ndani, ondoeni mbao za kukanyagia mpaka ngamani, chini kabisa maji yanapotuama. Mbio hukikamua chombo. Mlingoti ukibeba tanga kubwa hukandamiza chini na kusukasuka, kwa hiyo tazama mwashiri, ule mti unaokalia mguu wa mlingoti, kama umepasuka, na mataruma, mbavu za chombo, yaliyo karibu nao kama yamevunjika yakafungwa viraka. Uliza mbao ni za mti gani. Mbambakofi na msaji hudumu. Mataruma ya mtondoo ni mazuri. Mwembe ni rahisi kupata lakini hauna maisha marefu majini, na ukikuta mbao za mwembe katika chombo cha miaka 9, punguza bei au ondoka.

Baadaye itoe baharini, si kwa nusu saa ya kupendezana. Nenda nayo siku yenye upepo, muuzaji akiwemo, ikaushe ngama kabla ya kutoka, kisha ipige bisha saa mbili na uone ni mara ngapi mnafua maji. Kila chombo cha mbao huingiza maji kidogo. Utakachotazama ni kama yanazidi ikilala upande mmoja, maana hapo utajua uvujaji uko ubao gani. Shika kana mwenyewe. Ikikuvuta mkono kwa nguvu kutaka kugeukia upepo wakati wote, ni tanga lililoizidi, na utalisikia hilo likipungua ukiweka dogo.

Makaratasi usiyaache mpaka mwisho. Uliza usajili na cheti cha ukaguzi cha KMA, mamlaka ya serikali ya usafiri wa baharini, jina lililoandikwa liwe la huyo anayeuza, na ujue kimeruhusiwa kubeba watu wangapi. Chombo cha mbio chaweza kuwa hakijawahi kusajiliwa kubeba abiria, na kukipitisha kunataka muda, jaketi za kuokolea za watu wote, za watoto wakiwemo, na pesa zake. Gharama hiyo iondoe katika bei, usiiongeze juu yake.

Ukimaliza hayo utabakiwa na akiba, na usiogope kubakiwa nayo. Mashine ndogo ya kufunga nyuma, iliyotumika, itakurudisha nyumbani jioni upepo ukikata, nawe siku ya mbio unaifungua unaiacha pwani. Miaka michache ya kazi nzuri ikikuonyesha kwamba kweli unakataa makundi makubwa kila wiki, kodi jahazi la mtu kwa safari hizo, ulijue kabla ya kulinunua.

Na huyo wa Malindi mwenye pesa taslimu, mwache anunue. Kwa mwenye mashua nenda na mkeo, mkubaliane bei kwa sharti la ukaguzi, na arubuni msitoe mpaka fundi ametoka chini ya chombo. Akikuta ubao wa kwanza umeliwa pande zote mbili, usinunue hata ukiambiwa ni hirizi ya Maulidi. Niandikie, tutazame kingine. Matondoni na Kizingitini hazijaacha kuuza mashua.